Siti wa Igogo

Puani ana herufi nne,
na Igogo nzima tulizisoma kama tulivyofundishwa: siti.
Sista Remedios akacheka, akatusahihisha,
"Se-at. Mwishoni ulimi ugonge meno."
Ulimi uligonga, ukachoka. Siti akabaki Siti,
kiti na bibi kwa jina moja,
na baba yangu, fundi Lushinge, hakumwita vingine.

Mia Sita, wa mwaka sitini na tatu,
rangi ya maziwa yaliyolala.
Alifika stesheni ya Mwanza
juu ya behewa tupu lililofuata pamba.
Injini kaibeba mgongoni kama mama aendaye kliniki.
Milango yake inafungukia nyuma,
mikono ya mtu anayesema: lete huyo mtoto.
Na kweli walibebwa, wa Nassa, wa Kalemera,
wenye surua, wenye macho ya njano.
Wawili walizaliwa humo humo njiani.
Mmoja wao ndiye anayeandika haya.

Mlima wa Bugando ulimchemsha kama sufuria.
Baba akaacha mfuniko wa nyuma wazi,
akauegemeza kwa kijiti cha mswaki.
"Hata Barcelona hufanya hivyo," alisema Sista,
"muulize kaka yangu, anamfunga bolti kiwandani."

Kaka huyo hatukumwona. Tulimsoma.
Aliandika kwamba wa kwanza kutoka pale,
Elfu na Mia Nne, alikuwa wa mabwana na wa teksi;
washona viatu waliendelea kupanda pikipiki,
mke nyuma, mtoto katikati.
(Baba: "Kumbe watu.")
Kisha akaja huyu mdogo.
Waliandikisha majina, wakalipa kidogo kidogo, wakangoja,
na Jumapili moja washona viatu wakaiona bahari.
Wakamtania: Kitovu,
maana kila mtu anacho.

Aliandika pia kwamba damu ni ya Fiati, ya Italia,
maziwa tu ndiyo ya Hispania.
Habari hiyo baba hakuichukulia kama hadithi.
Siku ileile alikwenda mtaa wa Rufiji, dukani kwa Kanji,
akauliza pampu ya Fiati,
akaipata, ikaingia.

Sabini na tatu ilikuja barua fupi.
*Leo tumetoa wa mwisho. Wanaume walilia. Nilikuwepo.*
Baba aliisoma amesimama,
akaenda akamfuta Siti vumbi, bila neno.

Miaka miwili baadaye gasketi iliungua
na Sista akaenda likizo ya magoti yake.
Magoti hayakumrudisha.
Zikaja picha: Mia Nane na Hamsini,
Mia na Ishirini na Nne, mwenye pembe kama mche wa sabuni,
Mia na Ishirini na Saba, mfupi, mjanja.
Baba alizibandika ukutani kwa uji wa muhogo.
Mende walikula kona, magari wakayaacha.

Ya mwisho ilikuwa Ibiza, nyekundu.
Waitalia walikwisha ondoka, alieleza kaka kwa mwandiko uliotetemeka;
huyu ni mtoto wa kwanza asiyefanana na wajomba.
Sisi wakati huo tulipanga foleni ya sukari,
na Jumapili, saa nane ikigonga, barabara zilikuwa za mbuzi.
Tuliitazama Ibiza
kama mtu anavyotazama harusi kupitia ua.

Baba amelala Kisesa. Gereji ni yangu, napiga rangi.
Mwaka jana alikuja mtu kutoka Arusha na tochi ya simu,
akalala chini akisoma namba za chesisi,
akainuka na matope na bei.
Bei nzuri, sitadanganya. Ingeezeka paa lote.
"Anatembea?"
"Hatembei," nikamjibu. "Anakaliwa."
Alidhani ni mzaha. Nyuma yangu
mama wa dagaa alikuwa ameketi ndani, milango wazi,
akisubiri bajaji yake ikauke.

Aliandika namba yake juu ya vumbi la kioo.
Sikuifuta mimi. Paa linavuja.

Gasketi naikata mwenyewe, usiku,
kwenye bamba la shaba, kwa patasi ya baba.
Bado matundu mawili.